Saa za kuzika zinapatikana, saa za afya ziko wapi? Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya Lubumbashi

Kwa Wakurugenzi Wakuu, Makatibu Wakuu wa masomo na wa utawala, na Wasimamizi wa bajeti wa vyuo na taasisi za elimu ya juu za Lubumbashi.

Mabwana na Mabibi, wazee wetu wa kazi,

Nawasalimu kwa heshima. Ninaandika kama mfanyakazi wa utawala katika taasisi mojawapo mnazoziongoza. Jina lake silitaji, kwa kuwa wenzangu wa taasisi nyingine, walio upande wa Kasapa, walio mjini kati na walio Kampemba, wananisimulia mambo yaleyale. Barua hii ni ya wote wanaopanga saa za kazi katika elimu ya juu ya mji huu.

Mwenzetu akifariki, vyuo vyetu vinajua la kufanya. Siku hiyohiyo gari linapatikana, mafuta yanapatikana, karatasi ya mchango inazunguka biro hadi biro, yaani ofisi hadi ofisi, na siku ya mazishi biro zinafungwa mapema ili watu waende kwenye kilio. Hakuna anayeuliza kazi itaendaje. Naipenda desturi hiyo, ni utu wetu, na siombi ipunguzwe hata kidogo. Lakini wengi tunaowasindikiza ni watu wa miaka hamsini na kitu, watu wa tansio, yaani shinikizo la damu, na wa sukari, waliokuwa mezani pao juma lililotangulia. Muda wa kuwazika ulipatikana bila mjadala. Tukiomba muda wa kuwasaidia wasife mapema, tunajibiwa kwamba kazi ni nyingi.

Hoja yangu ni moja. Afya ya mfanyakazi wa chuo inategemea ratiba ya kazi kuliko inavyotegemea nia yake mwenyewe, na ratiba iko mikononi mwenu. Naomba muandike humo saa moja ya mazoezi ya mwili, mara mbili kwa juma, ndani ya muda wa kazi, kwa kila mfanyakazi anayeitaka.

Najua wengi wenu mtasema: mtu afanye spoti akitoka kazini, nani anamkataza? Basi tuifuate siku ya mama mmoja wa biro anayekaa Katuba au Ruashi. Anaamka kabla ya jua, anawasha mbabula, yaani jiko la makala, anachota maji kama bomba limetoa, anawavalisha watoto, kisha anasimama barabarani kugombania nafasi kwenye taksibasi. Saa mbili yuko mezani. Anatoka saa kumi, na katika kipindi cha uandikishaji au cha deliberesheni, yaani vikao vya juri vya kuamua matokeo ya mitihani, anatoka jua likiwa limezama. Anapofika kwake ni giza, na taa za barabarani katika komini nyingi hamzioni ninyi wala hatuzioni sisi. Ni mama gani atakimbia peke yake gizani Katuba? Akirudi kuna bukari ya kusonga na sombe ya kutwanga. Jumamosi ni soko, au dote (mahari) ya mtoto wa ndugu, au kilio. Jumapili ni kanisa. Ndiyo, asubuhi ya Jumapili tunaona vijana wanakimbia kwa makundi wakiimba, na inapendeza kuwaona, lakini mama huyu hayumo, na baba wa umri wangu ni wachache. Siku yake haina nafasi iliyobaki wazi. Saa ndefu pekee ambazo mtu mwingine anazipanga kwa niaba yake ni zile anazotumia kwenu.

Na saa hizo anazitumia akiwa amekaa. Niruhusuni niwapeleke kwenye dirisha la kupokelea wanafunzi, maana wengi wenu mnapita upande wa pili wa jengo. Kiti kilikuwa na mgongo, sasa mgongo umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Meza iko juu kuliko kiwiko, kwa hiyo anayeandika anainua bega la kulia siku nzima. Dirisha liko chini kuliko macho, kwa hiyo anainamisha shingo ili amwone mwanafunzi. Chini ya meza kuna boksi la karatasi za zamani, na mama amelifanya kibao cha kuwekea miguu, kwa sababu ifikapo saa nane viatu havimtoshi tena. Nilipomwuliza kwa nini hasimami kidogo kutembea, alinijibu: «Papa, mugongo inauma. Naikalaka tu apa tangu asubui. Ata kwenda ku twalete ni shida, batu beko mulongo.» Na kweli mlolongo ulifika hadi mlangoni.

Huyo mama si mvivu. Anafanya kazi ambayo inamtaka akae bila kusogea, na chuo kinamlipa kwa hiyo kazi.

Tangu zamani wenye elimu wanajua kukaa huko kunafanya nini. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji ule. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima akikata tiketi. Wote wawili waliajiriwa na shirika moja na kufanya kazi ndani ya gari moja. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua hawakufa upesi kama wao. Kisha Morris akawaangalia watu wa posta, akakuta hali ni hiyohiyo: waliotembea wakigawa barua walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu waliokaa maofisini. Makarani hao ndio sisi. Morris mwenyewe alifanya mazoezi hadi uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Mwili unafanyaje? Msuli unapofanya kazi, unavuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa mtu ambaye insulini yake imeanza kushindwa. Moyo uliozoeshwa unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa inalegea, na tansio inashuka pointi kadhaa. Kwa mtu anayeambiwa na muuguzi kwamba ana 15 kwa 9, yaani 150 kwa 90 kwenye mashine, pointi hizo si kitu kidogo. Zinaweza kuwa tofauti kati ya kunywa kidonge kimoja na kunywa viwili, na ninyi mnajua bei ya vidonge katika mafamasi yetu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na mara mbili kwa juma ajenge misuli. Jambo jipya katika mwongozo huo ni kwamba ile sharti ya zamani, ya kufanya angalau dakika kumi mfululizo ndipo zihesabike, iliondolewa. Kila mwendo unahesabika. Kwa mara ya kwanza pia ulionya waziwazi juu ya kukaa muda mrefu. Shirika hilohilo linakadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho. Fanyeni hesabu ya ombi langu: saa mbili kwa juma ni dakika 120. Mwendo wa haraka kutoka nyumbani hadi kituo cha taksibasi unajaza zilizobaki. Hatuombi kitu kikubwa kupita kipimo.

Sasa nataka niseme juu ya deliberesheni, kwa sababu hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Mnajua zinavyokwenda. Juri inaingia asubuhi, gridi za pointi zinatandazwa, mlango unafungwa. Kalamu, kompyuta, mabishano juu ya nusu pointi. Umeme unakatika, watu wanangoja jenereta wakiwa wamekaa palepale. Kinacholetwa mezani ni sukre, yaani soda, na mikate ya kukaangwa, kisha sukre tena. Chupa moja ya kola ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ingefaa aishie 25. Chupa mbili tayari zimepita mpaka, na katika chumba kile hakuna anayeishia mbili, kwa kuwa hakuna kingine cha kunywa. Maji hayaletwi. Sijawahi kuelewa kwa nini maji hayaletwi.

Katika moja ya vikao hivyo mwenzetu mmoja alisema kichwa kinamgonga, akaomba atoke. Akaambiwa angoje safu imalizike, maana yeye ndiye aliyekuwa akisoma majina. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila mtu alitaka kwenda nyumbani. Kabla safu haijaisha mdomo wake ulipinda na kalamu ikamtoka mkononi. Leo yuko hai, Mungu ashukuriwe, lakini mkono wa kulia haumtii, na kazi yake ilikuwa kuandika. Baadaye hospitali walimwambia alikuwa na tansio ya miaka mingi. Yeye hakuwahi kujua. Hayuko peke yake: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na ugonjwa huo, na asilimia 46 kati yao hawajui kama wanao.

Kwa hiyo, pamoja na saa ya mazoezi, naomba dispensari ya chuo impime kila mfanyakazi tansio na sukari walau mara mbili kwa mwaka. Vyuo vyenye idara ya uuguzi vina wanafunzi wanaozunguka mji mzima wakitafuta mahali pa kufanyia staji, yaani mafunzo ya vitendo. Waanzie nyumbani, chini ya macho ya muuguzi wao. Lakini natilia mkazo jambo moja, na bila hilo hakuna atakayekuja: matokeo yawe siri ya aliyepimwa. Yasifike biro ya pasoneli, inayosimamia wafanyakazi. Wafanyakazi wengi, hasa waliokaribia umri wa pensheni, wanaogopa kwamba wakionekana wagonjwa watapewa barua ya kupumzishwa. Mkitaka watu wanyooshe mikono, tangazeni kwa maandishi yenye saini yenu kwamba kipimo hakitamfukuzisha mtu.

Mji huu si mgeni wa kuunganisha kazi na mwili. Kampi za wafanyakazi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, zilikuwa na dispensari na viwanja vya mpira. Najua haikuwa kwa upendo; kampuni ilitaka mikono yenye nguvu migodini, na mtu mweusi hakuulizwa anataka nini. Hata hivyo, mabwana wale walijua jambo ambalo vyuo vyetu vimelisahau, kwamba anayemwajiri mtu ameuajiri na mwili wake. Saint-Éloi Lupopo, timu ya mpira ya mji huu, hadi leo inaitwa timu ya Cheminots, watu wa reli. Leo tunajaza uwanja wa Kamalondo kuitazama Mazembe, tunaimba mpaka sauti inakauka, na Jumatatu tunarudi kukaa.

Kuna historia nyingine ambayo lazima niitaje, kwa sababu wazee wa kazi wataikumbuka mara tu watakaposikia neno mazoezi ya pamoja. Wakati wa Mobutu wafanyakazi wa serikali na wa makampuni yake walilazimishwa kucheza animasyo, yaani ngoma za siasa za kumwimbia kiongozi na chama, na asiyecheza alijulikana. Salongo, kazi ya pamoja, nayo ilianza kwa maneno mazuri ya umoja ikaishia kuwa kazi ya kushurutishwa. Baba zetu walirudi nyumbani na aibu ya jambo hilo, na hawajaisahau. Kwa hiyo naomba saa hii iwe ya hiari, kabisa. Asiitwe mtu majina. Lisiandikwe daftari la waliokuja. Yasiwepo mavazi ya rangi moja yenye picha ya mkuu wa chuo. Anayetaka kutembea atembee, anayetaka kupiga voliboli apige, na asiyetaka abaki mezani pake bila kutazamwa vibaya.

Hiyo ndiyo sababu sifurahishwi na siku ya spoti ya mara moja kwa mwaka. Mei mosi tunavaa tisheti, tunaandamana katika difile, tunakunywa, na kesho yake magoti yanauma. Mwili haujifunzi chochote kwa siku moja, na mtu wa miaka hamsini asiyezoea, akisukumwa ghafla kucheza mpira kwa nguvu, anaweza kuumia vibaya. Fedha zinazonunua tisheti hizo zingenunua mpira, neti na ndoo za maji za mwaka mzima.

Tafadhali msichukue wafanyakazi wote kama mwili mmoja. Mimi ninahitaji kusogea. Mama wa usafi anasogea kupita kiasi: anafagia ua akiwa ameinama na ufagio mfupi, anabeba ndoo za maji ghorofa ya pili, anapiga rakleti ya kusukuma maji sakafuni katika oditwari, ukumbi wa masomo, yenye viti mia. Kumwambia huyo aje kuruka kamba ni kumkosea. Yeye mpeni ufagio wa mpini mrefu, glavu, na mahali pa kukaa saa ya mchana kwingine zaidi ya ngazi. Akija kwenye saa ya mazoezi, aje kunyoosha mgongo tu, au kupumzika, na saa yake ilipwe kama ya wengine. Mlinzi wa usiku naye ana shida yake. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi inaingia mifupani, naye anafunga mlango wa kibanda na kuwasha mbabula ndani. Hewa ya sumu ya makala haina harufu, mtu analala na haamki. Kabla hamjamtafutia mpira, mpeni koti zito na dirisha linalopitisha hewa, na mtu wa kumpokea zamu ili usiku usiwe wake peke yake.

Walimu wana lao. Anayefundisha kozi nzima kwa siku chache mfululizo anasimama kutwa kwenye vumbi la chaki, kisha usiku anasahihisha. Wasaidizi wengi ni vijana, lakini tumbo limeanza kutangulia. Na hapa niseme wazi kitu kinachotuzuia sisi wenyewe, wala si ninyi. Kwetu kitambi bado ni heshima. Ukinenepa wanasema kazi imekukubali. Ukikonda, majirani wanaulizana kama mshahara haujaingia, au wanataja ugonjwa kwa sauti ya chini. Mama mmoja alianza kutembea kila siku, kilo zikapungua, na dada zake wakaja na maombi ya uponyaji. Jambo hili halitaondoka kwa bango. Litaondoka watu wakiuona mfano kutoka kwa wale wanaowaheshimu, na ninyi ndio hao. Mkurugenzi Mkuu akionekana uwanjani na raba miguuni, akitembea na mlinzi na mtu wa biro ya pasoneli, mazungumzo ya nyumbani yatabadilika. Sioni hatari kwa heshima yenu. Mnazika pamoja nasi mkiwa na vumbi la makaburi viatuni, na hakuna aliyewahi kuwadharau kwa hilo.

Mtauliza dirisha litafungwaje. Halitafungwa. Biro igawanywe mafungu mawili: fungu moja litoke Jumatatu na Jumatano, jingine Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi, wakati ambapo wanafunzi wamepungua. Mwezi wa kumi, jua linapochoma, saa hiyo ihamie asubuhi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua ikinyesha, kuna oditwari kubwa ambayo haina kozi saa hiyo. Viti vikisogezwa panatosha. Ua wa chuo wenyewe, ukizungukwa kwa mwendo wa haraka chini ya miti, ni uwanja tosha. Anayetumia saa hiyo kwenda soko atajulikana na wenzake upesi kuliko mtakavyomjua ninyi, na adhabu zenu za kawaida zipo.

Kitu kimoja cha ujenzi ni cha lazima: chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, na pipa la maji la kunawa. Wanawake wengi wanakuja kazini na vikwembe (vitenge). Bila chumba hicho saa ya mazoezi itakuwa ya wanaume, kama ilivyo kila kiwanja cha mji huu, na wale wanaokaa zaidi madirishani ndio watakaobaki nje. Mkiona bajeti haitoshi kwa yote, anzeni na chumba cha wanawake.

Gharama zinazobaki ni ndogo: maji ya kunywa, mipira, na posho ya mwalimu wa elimu ya mwili atakayewaonyesha watu namna ya kuanza polepole, kwa sababu mwenye 16 kwa 10 hapaswi kuanza kama kijana. Apimwe kwanza, muuguzi amkubalie. Sitawadanganya kwamba chuo kitatajirika. Lakini ninyi mnaosaini karatasi za misaada ya matibabu na za mazishi mnajua fedha zinakwenda wapi. Mnajua pia inavyokuwa mtu mmoja aliyeijua gridi yote ya pointi anapoanguka, na inachukua miezi kumpata anayeweza kuisoma.

Juu ya sheria nitasema kwa ufupi, maana siko mahakamani. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 47, inahakikisha haki ya afya. Sheria ya kazi ya 2002 iliweka saa 45 kwa juma kuwa kikomo, ikataka kamati za usalama na usafi mahali pa kazi. Nchi ina sheria ya mwaka 2011 ya kukuza mazoezi ya mwili na spoti. Sikumbushi hayo kwa ajili ya kuwatishia. Nayakumbusha ili Msimamizi wa bajeti asiseme kwamba hana mstari wa kuandikia matumizi haya.

Ninachoomba kifanyike sasa ni hiki. Kila Komite ya Jestion, yaani kamati ya uongozi wa chuo, iitishe kikao kimoja kabla ya kufunguliwa kwa mwaka ujao wa masomo. Waitwe delege (mjumbe) wa sendika, chama cha wafanyakazi, muuguzi wa dispensari, mama mmoja wa usafi, mlinzi mmoja na mtu mmoja wa madirishani, na wapewe nafasi ya kusema kabla ya wakuu. Ratiba ya kazi iwe mezani, na saa zitafutwe humo siku hiyohiyo. Deliberesheni zinazokuja ziwe na mapumziko ya robo saa kila baada ya saa mbili, mlango ukiwa wazi na maji yakiwa mezani. Hilo halihitaji kikao, linaweza kuanza kwa neno lenu tu. Na kama jibu lenu kwa mengine ni hapana, tunaomba liwe la maandishi na lenye sababu, sendika ipate kuzijibu moja baada ya nyingine.

Pokeeni, wazee wetu, heshima zangu.

Mfanyakazi wa utawala katika elimu ya juu, Lubumbashi